Siku Mtani Wangu Aliponipangusia Kiti

Ninyi vijana mlioishika kazi yangu mmeniomba niwaeleze jinsi mtaa wetu wa ubunifu ulivyojengwa. Nitawaeleza jinsi nilivyoogopa, kwa sababu ndicho ninachokikumbuka vizuri zaidi. Majengo mnayaona wenyewe kila mkishuka Madale: karakana ya pamoja, tanuri la kukaushia mbao kwa jua, ukumbi wa wanafunzi, maduka ya mbele, na lile lango lililopinda ambalo kila mwenye gari analilalamikia. Hayo hayahitaji msimulizi. Hofu iliyokuwa chini yake ndiyo haionekani, na mimi nimestaafu nayo. Nimerudi nayo nyumbani Tegeta, na asubuhi tunakunywa chai pamoja.

Jina langu Scholastica Kindole. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, kisha nikapewa kazi ya kuwa kiungo kati ya chuo, kampuni na wananchi. Kiungo mnajua mwisho wake jikoni. Kinatwangwa, kinaungua kwenye mafuta, halafu sifa zote zinakwenda kwa nyama.

Na mimi ni mwoga. Sisemi hivyo ili mnisifie unyenyekevu. Marehemu mume wangu alizoea kuwaambia wageni kwamba mkewe anaogopa hata kivuli chake, na hakuwa akitania sana. Kabla ya kila mkutano tumbo lilinikata, na siku zote nilichagua kiti cha karibu na mlango. Mwanzoni nilidhani ni aibu ya kuficha. Baadaye nikaona kuwa mtu asiyeogopa, akipewa kazi ya kukutanisha chuo, wafanyabiashara na wananchi juu ya kipande kimoja cha ardhi hapa Dar, basi hajaelewa amepewa nini.

Ninaandika sasa kwa sababu juzi mmoja wenu alipita kunisalimia, akaniambia jambo kwa furaha kubwa, na chai ikanipalia. Nitalifikia jambo hilo. Nikilisema kwanza mtacheka tu, mseme bibi kazeeka.

Tuanze na viti. Mtu wa chuo akiachiwa kuandaa mkutano ataweka meza mbele, kitambaa juu ya meza, maji ya chupa juu ya kitambaa, na wananchi atawapanga mistari kama watoto wa darasa la tatu. Mkutano wa namna hiyo umekufa kabla ya dua ya kufungulia. Aliyenifundisha hilo ni Bi Mwanahawa, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, mama wa Kilwa mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya mkutano wa kwanza aliitazama meza kuu, akanyanyua kiti alichowekewa, akakipeleka nyuma kabisa walikokaa wauza mihogo.

"Mie nakaa na watu wangu," alisema. "Wageni wakitaka kuniona, wageuke."

Wakageuka, na meza yao. Tangu siku hiyo nilipanga viti duara, na maji ya chupa ama tulikunywa wote ama hakunywa mtu. Halafu lipo neno "wadau". Mkilitamka mbele ya wananchi, tazameni miguu yao: inaanza kutafuta viatu. Semeni "Bwana fulani anayeuza vitanda", semeni "mwalimu fulani wa chuo". Mtu mwenye jina anaweza kuulizwa swali.

Bi Mwanahawa ndiye aliyenipa pia somo lililoniokoa. Tulikuwa tunatoka kwenye kikao ambacho mama mmoja alinitolea maneno mbele za watu. Nilimwambia Bi Mwanahawa kuwa nitaomba uhamisho.

"Kakugombeza?" akauliza.

"Si ulisikia mwenyewe?"

"Basi yule bado yuko na wewe. Anayekugombeza anataka jambo litengemae. Wewe muogope anayekuitikia ndiyo, ndiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu."

Nilimwitikia ndiyo, akanitazama kwa jicho moja, tukacheka.

Wazo lenyewe la mtaa wa ubunifu lilikuwa rahisi, na lilikuwa zuri. Chuo kilikuwa na eneo juu kilimani, lenye wanafunzi na mashine zilizofunikwa maturubai. Chini ya kilima kulikuwa na uwanja wa mafundi: maseremala, wachongaji vinyago waliotoka kusini, wasuka viti, kila mtu na banda lake la mabati. Katikati alikuwepo Bwana Farid, aliyekuwa akiuza milango na vitanda kwa watu wanaojenga Mbweni. Bwana Farid alikuwa na shida moja. Milango ya mafundi wetu ilipendeza siku ya kuletwa, lakini masika yakipita haifungi, kwa sababu mbao zilikuwa mbichi na zilipinda. Akawa ananunua ya nje. Basi tukasema chuo kilete utaalamu wa kukausha mbao, mafundi walete mikono yao, Bwana Farid alete soko, na mtaa ukae katikati ya wote kama mwenye nyumba.

Mtaa ulikaa katikati, ila hakuna fundi aliyekuwa na hati ya pale alipokaa. Walikuwa na mazoea tu. Hapo ndipo hofu yangu ilipotaga mayai.

Katikati ya uwanja ule alikuwepo Mzee Komba, seremala wa Songea. Banda lake lilikuwa na kibaraza cha zege mbele, na mafundi wengine walikuwa wakikutana hapo kutoa maamuzi yao. Siku ya kwanza nilipofika na wageni wa chuo nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Aliniuliza kwetu ni wapi.

"Iringa," nikasema.

"Mhehe?"

"Mhehe."

Akaweka randa chini, akawageukia wenzake. "Jamani, fungeni mbwa! Mtumwa wangu kaja, na leo ana njaa."

Kwa ninyi mliokulia mjini: Wangoni na Wahehe ni watani, na sisi Wahehe tunataniwa kuwa tunakula mbwa. Babu zetu walipigana, na walipochoka kupigana wakaachiana haki ya kutukanana bila mtu kununa. Mtani akichukua kitu chako, unakikomboa. Msibani yeye ndiye anayewachekesha wafiwa, na anaweza hata kuzuia maziko. Atakwenda kukaa ukingoni mwa kaburi aseme huyu hazikwi mpaka nipewe changu, na hakuna wa kumwondoa kwa nguvu. Mnampa kuku, mnampa chochote, anatoka, mambo yanaendelea. Ni sheria ya zamani kuliko ofisi zetu zote.

Basi nikamjibu Mzee Komba. "Nyie mliokimbia kwenu kwa Wazulu mkapotea njia, leo mmekuwa wenyeji wa Madale?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaninyang'anya mwavuli, akautundika kwenye msumari, na sikuupata mpaka nilipoleta sukari. Binti mmoja wa chuo alikimbia kumwita mhadhiri wake, Daktari Eliamani. "Daktari, huku Mama Kindole anatukanwa, na wamemnyang'anya mwavuli!" Daktari ni Mchaga, ana watani wake Wapare, akamwambia yule binti atulie. "Kama wameuchukua na mwavuli," alisema, "basi kazi imeanza vizuri."

Tangu hapo sikuwahi kuingia uwanja ule bila kutukanwa. Nilikuwa nikishuka kilima na hofu yangu kama kawaida, nikisikia "fungeni mbwa" inatulia. Yale matusi yalinipa amani kuliko kinga yoyote ambayo mganga angeweza kunifunga mkononi.

Tanuri la kwanza la kukaushia mbao lilituaibisha. Daktari alitaka joto kali, na Mzee Komba, kwa kuwa alikuwa na oda ya vitanda, akataka joto zaidi ya alilolitaka Daktari. Walipofungua, mninga wote ulikuwa umepasuka. Walisimama wawili hao, msomi na fundi, wamevua kofia. Baadaye ndipo walipojifunza pamoja kwamba mbao hukaushwa kwa upole: vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, uzito juu ili zisipinde, matundu ya hewa kufunguliwa kidogo kidogo. Mkikuta mtu anawaambia chuo kilileta ujuzi, au mafundi walikuwa nao tangu zamani, msimwamini. Mimi nilikuwepo, na wote wawili walikuwa hawajui.

Lakini mlango wa kwanza wa mbao kavu ulipokaa masika mazima bila kupinda, na Bwana Farid akaja mwenyewe kuufunga na kuufungua kama mtoto mwenye toi, wenzangu walishangilia na mimi nikapata homa. Kweli, nililala kitandani. Niliogopa kufaulu kuliko nilivyoogopa kushindwa. Ardhi isiyo na faida haina mwenyewe. Ikianza kutoa, wenyewe wanajitokeza.

Ndipo chuo kikaamua kutengeneza ramani ya mtaa mzima. Wanafunzi wa upimaji walikuja na droni ya kupiga picha kutoka angani. Kabla droni haijaruka ni lazima ardhini pawekwe alama kubwa zinazoonekana kutoka juu, ili picha zikae mahali pake zikiunganishwa. Alama hizo ni mistari miwili inayokatana. Vijana wakapaka. Na kwa kuwa mchanga wetu ni mweupe, wakachagua rangi inayoonekana vizuri kutoka angani. Wakachagua nyekundu.

Mnaishi Dar. Mnajua X nyekundu maana yake nini.

Wale vijana hawakuwa na nia mbaya. Wengine walitoka mikoani, ambako X ni herufi tu ya kwenye hesabu. Waliona zege safi, wakapaka juu ya zege. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye semina mjini, na hakuna aliyenipigia simu.

Kesho yake asubuhi nilishuka kilima na mapema nikajua kuna jambo, maana sikusikia msumeno. Uwanja wa mafundi bila msumeno ni kitu cha kutisha, niaminini. Nilichosikia ni mabati. Watu walikuwa wakiezua mabanda yao wenyewe. Mnajua mtu wa Dar aliyewahi kubomolewa: hasubiri tingatinga, anawahi kunusuru mabati na mbao zake, kwa sababu tingatinga haichagui. Wachongaji wa upande wa barabarani walikuwa wameshapakia vinyago kwenye mkokoteni. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, ananyonyesha, hatazami mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na pale karibu kila mtu alikuwa ameumwa.

Mzee Komba zaidi ya wote. Aliwahi kuwa na nyumba bondeni, ikapigwa X, ikabomolewa chakula kikiwa jikoni. Alinisimulia mara moja tu, tena kwa kucheka, akisema Mngoni hata akibomolewa hali mbwa.

X kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya kibaraza chake. Alikuwa amekaa pembeni yake, mikono magotini. Nilimwendea nikisubiri. Nilisubiri aseme fungeni mbwa. Nilipunguza mwendo ili nimpe nafasi.

Alisimama. Alichukua kitambaa, akapangusa kiti, akakisogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Karibu, afisa. Keti."

Ninawaambia ukweli. Nimewahi kufukuzwa na ng'ombe, nimewahi kuzama Ruaha nikiwa mtoto, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kiti kisafi.

"Mzee Komba," nikasema, "mbona leo huniulizi habari za mbwa?"

"Aah, afisa. Utani tuuache tu. Nyie mna kazi yenu. Na sie tunahama, hatutawasumbua."

Alisema kwa adabu sana. Hakukuwa na hasira ndani yake hata ya kijiko. Mkewe aliniletea maji kwenye glasi, na glasi ilikuwa juu ya sahani, kama ya mgeni wa serikali. Sikukaa na sikunywa. Nilimwambia asihame, nakuja, kisha nikapanda kilima kwenda chuoni mbio, mwanamke wa umri wangu, jasho jembamba likinitoka.

Daktari Eliamani aliposikia alishika kichwa. "Mungu wangu. Mama Kindole, ni alama za droni tu! Hazihusiani na kubomoa kabisa."

Nilikaa chini. Nilihisi damu ikirudi mwilini, nikaanza hata kucheka. Halafu uoga wangu, Mungu aubariki, ukaniuliza swali, nami nikalipeleka kwa Daktari.

"Daktari, ramani ikikamilika, uwanja wa mafundi unakuwa wapi?"

Alikwenda dirishani, akasimama pale akitazama chini kilimani.

"Kampuni ya Bwana Farid imependekeza lango kuu lipite pale," alisema mwishowe. "Na maegesho. Ni pendekezo tu, mama."

"Na mafundi?"

"Watatafutiwa eneo."

Nani atawatafutia, hakusema. Mbali gani, hakusema. Nilimwona naye anaogopa, na hilo halikunifariji. Akaniomba niende nikawatulize watu, maana mwisho wa wiki Bwana Farid na watu wa halmashauri wangekuja kukagua eneo na kukubaliana mahali pa lango. "Wewe wanakuamini," alisema.

Vijana, hapo ndipo penye moto wa kazi hii. Ningeweza kurudi chini nikawaambia kwamba zile X ni za droni, na ingekuwa kweli tupu. Wangeniamini, wangerudisha mabati yao juu, na tingatinga ingewakuta wanafanya kazi. Na nikiwaambia la lango, mimi afisa wa serikali ninavunja siri ya mkutano ambao haujafanyika, na kustaafu kwangu kulikuwa karibu kiasi kwamba nilishaanza kuota kiinua mgongo. Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa. Nilimweleza yote nikilia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa naogopa pande zote mbili.

Alisikiliza huku akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Mtani wako anazikwa," alisema. "Wewe utakaa jikoni?"

Siku ya ukaguzi wageni walisimama mbele ya banda la Mzee Komba. Waliweka meza wakatandaza ramani. Bwana Farid alikuwepo, Daktari alikuwepo, na bosi wangu kutoka halmashauri na miwani yake ya jua. Mafundi walisimama kwa mbali, kimya, wameshika kofia. Mzee Komba alikuwa ameshawapangusia wageni viti vyote.

Sikwenda kwa ujasiri, msije mkanichongea kinyago. Miguu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba kukaa chini kulikuwa nafuu kuliko kusimama. Nilipita katikati yao na gauni langu la ofisini, nikakaa juu ya ile X, katikati kabisa, miguu nimeinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Mnamzika mtumwa wangu bila kuniita mtani wake?" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Nasema mnamzika Mngoni wangu kimyakimya! Basi huyu hazikwi. Kaburi hili nimelikalia mimi Mhehe, na sitoki mpaka nikombolewe."

Hakuna aliyecheka. Bosi wangu akavua miwani.

"Afisa, unafanya nini? Hebu simama."

Nilitaka kusimama. Naapa, mwili wote ulitaka kumtii. Magoti ndiyo yaliyokataa.

"Mama," Bwana Farid akasema taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, "hii ni ishu ya ramani tu. Sio msiba."

Ndipo nikasikia kilio. Bi Mwanahawa alikuwa ameweka mikono kichwani. "Uwii! Komba wetu! Katuacha Komba!" Akaja akakaa karibu yangu, kanga begani, akilia kilio kile cha msibani, na mama mihogo akafuata, na yule mama wa godoro akafuata na mtoto mgongoni, mpaka kibaraza kikajaa. Tulilia kwa utani, lakini machozi yangu mimi yalikuwa ya kweli. Niliwaza kwamba nimeshafukuzwa kazi, na kwamba mwenye msiba mwenyewe bado hajasema neno.

Mzee Komba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda lake na kile kitambaa mkononi. Niliogopa ataniambia, inuka afisa, usijichafue.

Akakitupa kitambaa. "We Mhehe," alisema, "na njaa yako hiyo ndiyo umekuja kunikalia baraza? Jamani, fungeni mbwa! Fungeni mbwa wote mpaka wa Tegeta!"

Uwanja mzima ukalipuka. Mafundi walicheka, wanawake wakapiga vigelegele katikati ya kilio, na mimi nililia kwa sauti sasa, bila aibu, kwa sababu mtani wangu alikuwa amerudi.

Daktari Eliamani alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alivua kofia. Kwao pia mambo haya wanayajua. "Mtani," aliniuliza kwa heshima yote, "unakombolewa kwa nini?"

"Kwa lango. Lango lihame, na uwanja huu uandikwe kwenye ramani kuwa ni wa mafundi."

Kwa hiyo la lango nikawa nimelisema mbele ya watu wote, na manung'uniko yakapita kama upepo. Bwana Farid akakohoa. "Tutaliangalia," alisema.

"Msibani hakunaga tutaliangalia," akajibu Bi Mwanahawa akiwa bado na mikono kichwani. "Na wewe baba, ukishawazika mafundi, pale Mbweni utauza nini? Utauza lango?"

Bwana Farid aliitazama ramani. Aliwatazama watu. Mtoto wa pwani yule, amezikiwa ndugu na kuzika ndugu kama sisi, na alijua kwamba mtani hanyanyuliwi kwa nguvu. Akaiomba kalamu kwa Daktari, akachora lango upya, likazunguka uwanja. Kuna mtu akanipa kuku. Nilinyanyuliwa na wanawake wawili, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Ndiyo sababu lango limepinda. Mkipita na magari yenu mkilaani aliyelichora, mnalaani siku ile.

Sikufukuzwa. Nilipewa onyo, nikaishi na hofu ya onyo lile mpaka siku ya kuagwa. Na msidhani tulishinda kila kitu. Wale wachongaji wa upande wa barabarani walikuwa wameondoka na mkokoteni wao, na hawakurudi tena. Nilikwenda kuwatafuta mpaka Mbweni, sikuwapata. Hofu ilishafanya kazi ya tingatinga, na pale walipokuwa pana duka la kahawa.

Sasa lile jambo la juzi. Mmoja wenu, binti mzuri mwenye adabu, alikaa barazani kwangu na kikombe mkononi. Alinieleza jinsi awamu ya pili inavyokwenda vizuri. "Mama, mafundi wa siku hizi wamestaarabika," aliniambia. "Mikutano inaisha mapema, hakuna anayebisha. Hata Mzee Komba, sie tuliambiwaga ni mkorofi. Nilipoenda juzi alisimama, akanipangusia kiti na mkewe akaniletea maji kwenye sahani."

Ndipo chai iliponipalia. Nilipopata pumzi nilimuuliza kuna nini kinachopimwa. Akacheka, akasema hakuna kitu, mama, ni upembuzi yakinifu tu.

Huyo binti hana kosa. Ameona heshima, akafurahi, na heshima ni kitu kizuri. Lakini tangu aondoke sijala vizuri. Nimempigia Mzee Komba simu, nikamtukana matusi yote ya Kihehe ninayoyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante kwa kunikumbuka, mama, wasalimie nyumbani.

Mimi magoti haya hayawezi tena kukaa juu ya zege yakainuka. Nendeni nyinyi. Nendeni kesho asubuhi kabla hamjapita ofisini, na mmuulize ameambiwa nini, na nani. Akisimama akiwapangusia viti, nawaomba, wanangu, msikae.